Hodi ya Rafadha

Mhadhara kwa wazee, walimu na vijana wa Maramba, Wilaya ya Mkinga, Tanga

Nimeitwa kuzungumza kama fundi mstaafu wa ndege ndogo, nami nimekuja na jambo moja. Injini ya ndege ndogo isiwashwe kabla aliye ndani hajapiga hodi na aliye nje hajaitika. Na hodi hiyo ipigwe kwa lugha anayoielewa aliye nje.

Najua kuna atakayeuliza moyoni: rafadha ya ndege inamhusu nini mtu wa Maramba, ambaye shida yake ni bei ya mahindi na ubovu wa barabara wakati wa masika? Nitamjibu. Ukienda Tanga mjini kupanda ndege ya Pemba, Unguja au Dar es Salaam, mara nyingi utapanda ndege ndogo aina ya Cessna Caravan. Pale Tanga hakuna daraja la kukuingiza ndani. Unatoka jengoni, unatembea kwa miguu yako juu ya lami mpaka kwenye ngazi ya ndege, na mwanao umemshika mkono. Barabara yetu hii inayotoka Mabokweni, ikipita hapa kwenda Bombo Mtoni na Umba, inaelekea Mkomazi. Mkomazi imekuwa Hifadhi ya Taifa tangu 2008, na mle ndani kuna viwanja vya ndege vya udongo. Mhifadhi Tony Fitzjohn, aliyeanza kazi mle mwaka 1989, alirusha ndege ndogo miaka mingi akifuatilia wanyama na majangili. Ndege za namna hiyo hutua porini, na popote zinapotua watoto hukimbilia. Mwaka wa uchaguzi zinakuja helikopta, na hapo hata watu wazima hukimbia. Na kati ya vijana mlioketi mbele yangu wamo watakaokwenda kusomea ufundi wa ndege pale Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, Dar es Salaam. Kwa hiyo jambo hili ni letu.

Neno lenyewe

Rafadha ni neno la watu wa bahari. Mvuvi wa Moa au wa Kwale akisema rafadha, anakusudia kile kifaa kilicho chini ya mashine ya boti, kinachozunguka na kuyasukuma maji. Ndege ndogo nayo inacho, kinachosukuma hewa. Karakanani tulikuwa tukisema “propela” au “panga”, na mtoto akiiona kwa mara ya kwanza ataiita pangaboi. Majina yote hayo ni sawa. Jioni hii nitasema rafadha nikikusudia kifaa kizima, na panga nikikusudia kila mkono wake mmoja.

Mvuvi anayeijua kazi yake hamruhusu mtu kuogelea nyuma ya boti mashine ikiwa inawaka. Hakuna aliyemfundisha darasani. Anaijua rafadha kwa sababu ameishi nayo. Sisi wa nchi kavu hatujaishi na rafadha ya ndege. Ndiyo maana yatupasa kufundishana.

Panga lisiloonekana

Chukueni Cessna 172, ndege ya viti vinne ambayo marubani wengi duniani wamejifunzia. Rafadha yake ina mapanga mawili, na kutoka ncha hadi ncha ni takriban mita 1.9, urefu wa mtu mrefu. Ndege ikiwa imesimama na injini inanguruma taratibu, rafadha hupiga kama mizunguko 800 kwa dakika. Fanyeni hesabu pamoja nami. Hiyo ni mizunguko 13 na kitu kwa sekunde, na kwa kuwa mapanga ni mawili, panga linapita mahali palepale karibu mara 27 kila sekunde. Ncha yake inakwenda takriban mita 80 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 290 kwa saa. Huo ndio mwendo wake inapopumzika. Ikifikia upeo wake, mizunguko 2,700 kwa dakika, ncha hukimbia zaidi ya kilomita 950 kwa saa.

Sasa fikirini mtu anayetembea polepole. Hatua moja ni kama nusu sekunde. Ndani ya hatua hiyo moja panga limeshapita mara 13. Hakuna nafasi ya kuteleza katikati, wala ya kurudisha mguu.

Ubaya wake mkubwa ni kwamba jicho la mwanadamu halilioni. Kitu kikipita mbele ya jicho mara 27 kwa sekunde, jicho hukichanganya kikawa ukungu mwembamba, na nyuma ya ukungu ule unaona nyasi, unaona gurudumu, unaona mwenzako anakupungia mkono. Akili inakwambia hapo ni wazi. Watengenezaji walilijua hilo, wakapaka ncha za mapanga rangi nyeupe, njano au nyekundu ili zikizunguka zichore duara. Lakini duara hilo ni la mtu anayetazama mbele. Anayetazama simu, anayemfukuza mbuzi, au anayerudi kinyumenyume kupiga picha, hana habari nalo. Oktoba 2024, katika jimbo la Kansas, Marekani, mpiga picha mmoja alikuwa akirudi nyuma huku jicho lake liko kwenye kamera. Aliingia kwenye rafadha ya ndege iliyokuwa inawaka, akafariki kwa majeraha yake. Hakuwa mgeni wa ndege. Alikuwa pale kuwapiga picha wanaoruka kwa miavuli.

Waya mmoja mwembamba

Nimezungumzia panga linalozunguka. Sasa nizungumzie lililotulia, maana hilo ndilo lililonifundisha kazi.

Nilikuwa mwanagenzi katika karakana moja, mwaka wangu wa pili. Mchana mmoja ndege ilirudi, ikaegeshwa, rubani akatoka na ufunguo mfukoni mwake. Mwalimu wangu alikwenda kunywa chai. Nikaona panga limesimama wima, linanizuia kufunga kile kifuniko cha turubai cha pua ya ndege. Nikaweka kiganja cha mkono wa kulia juu ya panga, na mkono wa kushoto nimeshika tambara la kufutia oili. Nikasukuma kidogo ili lilale. Nikasikia “tak!” ndani ya injini, na mara ileile injini ikapiga pigo moja. Panga liliruka kutoka mkononi mwangu, likapita, likasimama upande wa pili. Tambara halikuwa mkononi tena. Lilikuwa limetupwa chini ya bawa, limepasuka.

Mwalimu wangu alisikia akaja. Alitazama vidole vyangu kwanza, akavihesabu kimoja kimoja. Kisha akafungua kifuniko cha injini, akanionyesha kwa ncha ya bisibisi waya mmoja mwembamba uliotoka kwenye magneto. Pale unapofungwa kwenye kishikizo chake ulikuwa umekatika, umebaki kuning'inia kwa nyuzi mbili.

“Mwanangu, swichi imezimwa?” aliniuliza.

“Imezimwa, mwalimu. Ufunguo anao rubani.”

“Na huu waya ndio unaopeleka habari ya kuzimwa. Nani kaipeleka?”

Sikuwa na jibu. Ngoja niwaeleze alichonieleza yeye, kwa sababu hapo ndipo penye siri ya jambo zima.

Taa ya nyumbani ukiizima, unakata umeme. Waya ukikatika, taa inazimika yenyewe. Magneto ya ndege ni kinyume chake. Magneto ni kifaa chenye sumaku kinachotengeneza cheche yake chenyewe kikizungushwa na injini. Hakihitaji betri. Kimewekwa hivyo makusudi, tena viwili, ili ndege iliyoko angani ikifa betri injini isizimike. Kwa kuwa hakitegemei umeme wa kupewa, huwezi kukizima kwa kukata waya. Unakizima kwa kuunganisha waya na bodi, yaani kwa kukipeleka athi kama wasemavyo mafundi, ili cheche ikimbilie huko badala ya kwenda kwenye plagi. Swichi ikiwekwa kwenye kuzima, kazi yake ni kuunganisha waya huo na athi. Waya ukikatika, ufunguo uwe ndani, uwe mfukoni, uwe baharini, magneto iko hai. Anayezungusha panga kwa mkono ndiye anayeiwasha.

Na ile “tak!” niliyoisikia? Magneto nyingi za ndege ndogo zina springi ndani yake. Panga likizungushwa polepole, springi hujikunja, kisha hujifyatua kwa ghafla na kuizungusha magneto kwa kasi, ili cheche ipatikane hata kama mkono wa mtu ni dhaifu. Iliwekwa kusaidia injini iwake kwa urahisi. Lakini springi haina macho. Haijui kama unataka kuwasha au unataka kufunga turubai.

Kilichobaki ni mafuta. Rubani akizima injini kwa ufunguo peke yake, ndani ya silinda hubaki mvuke wa mafuta unaongoja cheche. Kwa hiyo utaratibu wa ndege ndogo ni kuzima kwa kukata mafuta kwanza, injini imalize kilichomo ndani na kufa kwa njaa, ndipo ufunguo ugeuzwe. Lakini hata hapo si amana. Injini yenye moto inaweza kuwa na kipande cha masizi kinachowaka ndani kama kaa, na kaa hilo likikutana na mafuta yaliyobaki, panga litarusha teke bila magneto yoyote.

Vijana, hili haliishii kwenye ndege. Jenereta ndogo ya petroli, msumeno wa mnyororo unaopasua mbao huko milimani Usambara, mashine ya kufyekea majani inayobebwa begani: nyingi kati ya hizo huzimwa kwa njia hiyohiyo, kwa kupeleka cheche athi. Usiitegemee swichi unapotaka kugusa mnyororo au kisu cha mashine. Vua kwanza kofia ya plagi. Ni kazi ya mkono mmoja.

Tangu siku ile sijawahi kuliita panga lililosimama “limezimwa”. Husema limetulia.

Wakati wa mikono

Wazee waliopo watakumbuka malori yaliyowashwa kwa hendeli, na injini za mashine za kusaga. Mwenye hendeli alifundishwa asikizungushe kidole gumba kwenye mkono wa chuma. Kidole gumba kikae upande mmoja na vingine. Injini ikirudisha teke, hendeli ichomoke mkononi bila kuvunja kifundo cha mkono. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ilianza kuuza magari yenye stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering, na kidogo kidogo hendeli zikaondoka duniani.

Ndege ilikaa na hendeli yake muda mrefu zaidi, na hendeli ya ndege ilikuwa rafadha yenyewe. Katika pwani yetu hii, mwaka 1915 Waingereza walileta ndege kisiwani Mafia kuitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha katika delta ya Rufiji, na Julai 11 mwaka huo meli ile ikaangamizwa kwa mizinga iliyoelekezwa na walio angani. Kati ya ndege zile zilikuwamo za Henri Farman, ambazo rafadha yake iko nyuma ya rubani. Fundi aliyeizungusha alisimama kati ya vyuma na nyaya za mkia, amefungiwa kama ndani ya zizi, na injini ikiwaka hana njia pana ya kutokea. Mwaka 1929 Florence Kerr Wilson alianzisha Wilson Airways jijini Nairobi akiwa na ndege aina ya Gipsy Moth, na miaka ya 1930 ndege za kampuni hiyo zikawa zinateremka pwani, Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam. Mwaka 1946 likaja Shirika la Ndege la Afrika Mashariki na ndege zake za kwanza aina ya Dragon Rapide, zenye mabawa mawili juu na chini na injini mbili. Moth ilizungushwa kwa mkono, na mikono iliendelea kuzungusha rafadha katika viwanja vingi kwa miaka mingi.

Nataka mwangalie jinsi ilivyofanyika, kwa sababu ndani yake kuna hekima tuliyoipoteza. Watu walikuwa wawili: mmoja ndani kwenye vifaa, mmoja nje kwenye panga. Kabari zimewekwa kwenye magurudumu. Aliye nje anauliza kwa sauti kama swichi imezimwa. Aliye ndani anaitazama swichi yake, anajibu imezimwa. Aliye nje anazungusha panga mara chache mafuta yaingie. Kisha anauliza tena, anatangaza kwamba sasa swichi iwekwe, na aliye ndani anarudia neno lilelile kabla ya kuiweka. Bila kurudiwa neno, mkono hauendi kwenye panga. Aliye nje anaweka viganja bapa juu ya panga, vidole visiukamate ukingo. Anavuta kwenda chini, na kwa mwendo huohuo mguu wake na mwili wake wote vinarudi nyuma, mbali na panga. Havai skafu wala shati lenye mikono mipana. Hasimami kwenye matope wala kokoto zinazoteleza.

Nasema haya ili myajue, si ili myafanye. Kuzungusha panga kwa mkono ni kazi ya aliyefundishwa akiwa na mwenzake aliyefundishwa, na asiyefundishwa asiguse hata kama rubani amemwomba. Kuna ndege zilizowahi kuwashwa na mtu mmoja peke yake, hakuna aliye ndani, hakuna kabari, mafuta yamefunguliwa mno. Injini ikawaka, ndege ikaondoka yenyewe uwanjani na mwenyewe anaikimbiza.

Baadaye stata ya umeme ilifika kwenye ndege ndogo pia. Tuishukuru, maana iliondoa mkono kwenye panga na kuokoa watu wengi. Lakini pamoja na mkono iliondoa na mazungumzo. Rubani wa leo anakaa peke yake, anageuza ufunguo, rafadha inazunguka. Pua ya ndege iko mbele yake, imenyanyuka, na mtoto aliyechuchumaa kando ya gurudumu la mbele haonekani kutoka kwenye kiti. Zamani haikuwezekana injini kuwaka bila mtu wa nje kujua, kwa kuwa mtu wa nje ndiye aliyeiwasha. Sasa inawezekana.

Hodi

Sisi tuna adabu yetu mlangoni. Unafika kwa mtu, mlango umefunguka, pazia linapepea, unaona kabisa kwamba wamo ndani. Lakini huingii. Unasimama pembeni, unapiga hodi, unangoja. Hukuitikiwa, unapiga ya pili. Hukuitikiwa, ya tatu. Ikipita ya tatu kimya, unarudi ulikotoka. Tulifunzwa hivyo chuoni na majumbani. Anayesema “hodi” huku mguu umeshavuka kizingiti hajapiga hodi. Amevamia.

Marubani wamefundishwa kutoa wito kabla ya kuwasha, na wengi hutoa. Nawasifu. Lakini nimekaa viwanjani miaka mingi, nimesikiliza, na nina malalamiko mawili juu ya wito huo.

La kwanza, hutolewa huku ufunguo unageuzwa. Sauti na panga hutoka pamoja. Hiyo ndiyo hodi ya mtu aliyekwisha kuingia.

La pili, hutolewa kwa Kiingereza, maneno mawili, kwa haraka, kupitia kidirisha kidogo. Kwenye kiwanja kikubwa chenye mafundi waliosoma, sawa. Kwenye kiwanja cha udongo, wanaosimama jirani na ndege ni mchungaji, ni mama mwenye mgonjwa, ni askari wa wanyamapori, ni watoto wa shule. Niliwahi kusimama kwenye kiwanja kama hicho. Rubani, kijana mgeni mwenye heshima zake zote, alitoa kichwa akaita kwa sauti kubwa kwa lugha yake. Watoto waliposikia ile sauti walifanya nini? Walicheka kwa furaha wakasogea mbele, wakidhani wanasalimiwa. Mzee mmoja aliyekuwa ameshika baiskeli yake ndiye aliyepaza sauti: “Rudini! Linazunguka hilo!” Watoto wakarudi kama waliovutwa kwa kamba. Rubani akauondoa mkono kwenye ufunguo. Hawakuelewana kwa neno hata moja, rubani na mzee yule, lakini yule mzee ndiye aliyeifanya kazi ya wito.

Tangu hapo nasema: onyo ni la anayeonywa. Likitolewa kwa lugha asiyoijua, limebaki kuwa kelele.

Kwa hiyo napendekeza mbele yenu wito wetu, mfupi, unaosikika mbali. Rubani aite: “Panga linazunguka! Kaa mbali!” Kisha anyamaze, atazame kushoto, atazame kulia, ahesabu hadi tano. Mtu mmoja aliyekabidhiwa kazi hiyo, anayesimama mahali rubani anapomwona, ahakikishe pande zote, ainue mkono, aitike: “Pako wazi! Washa!” Asipoitika, injini isiwashwe. Akipita mtoto, akipita mbuzi, aseme “Bado!”, na hodi ianze upya. Hakuna gharama. Hakihitajiki kifaa chochote zaidi ya koo mbili na masikio manne.

Ya kushika mtakapotoka hapa

Yaliyobaki nitayasema kwa ufupi ili kila mmoja ayabebe.

Kwanza, ndege ndogo ina taa nyekundu inayomweta, mara nyingi juu ya mkia. Utaratibu ni kuiwasha kabla ya injini. Ukiiona inamweta, hata kama kuna kimya kabisa, ichukulie ndege hiyo kama inayowaka. Usisogee.

Pili, ndege yenye rafadha puani huendewa kutoka nyuma ya bawa, na ukishuka unaondoka kwa kuelekea nyuma ya bawa. Caravan ya Tanga imetengenezwa vizuri kwa hilo: mlango wa abiria uko nyuma, kulia. Ukishuka, usikate mbele ya pua ili ufupishe njia, hata kama mizigo yako inashushwa upande wa pili. Zunguka kwa mkiani, au umfuate anayekuongoza.

Tatu, helikopta ni kinyume. Nyingi zina rafadha ndogo mkiani, na hiyo ndiyo isiyoonekana kabisa. Helikopta haiendewi kwa nyuma. Huendewa kwa mbele, pale rubani anapokuona, ukiwa umeinama, umeshika kofia na mtandio wako, na baada ya kuitwa. Kwenye mikutano ya kampeni viongozi wenyewe waseme maneno haya kwenye kipaza sauti kabla helikopta haijatua. Mapenzi ya chama hayana haraka ya kumfikisha mtu kwenye panga.

Nne, panga lililotulia lisiguswe, lisiegemewe, lisipigiwe picha mtu amelishika. Caravan haina magneto, injini yake ni ya turbini na rafadha yake huzungushwa hata na upepo, ndiyo maana ikiegeshwa hufungwa mkanda. Lakini wewe msafiri hujui ni ndege gani ina waya uliokatika. Usijaribu kujua kwa mkono wako.

Tano, mkono wa mtoto ushikwe. Si nguo yake, si begi lake. Mkono.

Na kwenu vijana mtakaokuwa mafundi na marubani: kabla ya kuzima injini mwisho wa safari, ikiwa inanguruma taratibu, geuzeni ufunguo kwenye kuzima kwa kufumba na kufumbua, kama kitabu cha ndege yenu kinavyoelekeza. Ikitaka kufa, waya wa athi ni mzima. Ikiendelea kunguruma kana kwamba hamkugusa kitu, waya umekatika, na kuna kijana fulani ambaye kesho ataweka kiganja juu ya panga hilo akiwa na turubai mkononi. Andikeni kwenye daftari la ndege, mwiteni fundi, na ufunguo mkishautoa uwekeni juu ya dashibodi, mahali aliye nje anapouona.

Neno la mwisho

Ndugu zangu, ninayo maombi matatu. Naiomba Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, iutazame wito wa Kiswahili kama kifaa cha usalama na kuusambaza kwa marubani wote wanaotua viwanja vya vijijini, wageni na wenyeji. Nawaomba wanaosimamia viwanja vya udongo, wa hifadhi na wa mashamba, waweke kibao kimoja cha Kiswahili na mtu mmoja wa kuitika hodi. Na ninyi walimu wa Maramba, nawaomba kipindi kimoja tu kwa mwaka. Wapelekeni watoto uwanjani, wachoreeni rafadha ya mita 1.9 kwenye mchanga, mmoja awe rubani na mmoja mwitikaji, waite na kuitikiana mpaka wazoee. Mtoto aliyeicheza hodi hiyo shuleni hatacheka na kusogea siku atakapoisikia uwanjani.

Kuhesabu hadi tano hakumcheleweshi msafiri yeyote. Katika sekunde hizo tano, rafadha inayonguruma taratibu ingepitisha panga mahali pamoja mara 133. Ngojeni jibu kwanza.